Leo Umeuona Mkojo wa Mwanao?

Hotuba kwa wazazi na walimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Usukumani. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji, Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wetu, baba zangu na mama zangu, mwangaluka!

Mwenyekiti amenipa dakika arobaini, kisha linakuja suala la michango ya chakula cha shule, na najua wengi mmekuja kwa ajili ya hilo. Basi salamu nyingine nazikunja, niulize swali moja tu. Mama uliyekaa hapo mbele, mwenye kanga ya kijani: leo asubuhi umeuona mkojo wa mwanao?

Mnacheka. Nilijua mtacheka. Lakini mtoto akiwa mchanga tunaujua mkojo wake kuliko tunavyojua bei ya unga: umemlowesha nani, mara ngapi, una harufu gani. Akishajua kwenda chooni mwenyewe, tunashukuru Mungu na habari hiyo tunaifunga. Choo chenyewe ni cha shimo, ndani giza. Wanaochunga wanajisaidia kichakani. Matokeo yake mtoto wa miaka minane anaweza kukojoa damu muhula mzima na nyumba nzima isijue, kwa sababu yeye anadhani kila mtu anakojoa hivyo, au anaona haya kusema.

Mimi nimekuwa muuguzi wa wadi ya watoto miaka 31, nimestaafu mwaka jana. Jino bovu humliza mtoto usiku kucha, nyumba nzima ikakesha naye. Figo mara nyingi haina makelele hayo. Inaharibika kimya kimya, na habari zake huzituma kwa njia moja ambayo kila mzazi angeweza kuisoma bila kusomea udaktari. Ndiyo hiyo mliyoicheka.

Figo zenyewe ni mbili, kila moja kama ngumi ya mwenye nazo, zimekaa nyuma, chini ya mbavu za mwisho. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, kama milioni moja hivi, na vyote vimeshaumbwa kabla mtoto hajazaliwa. Kikifa kimoja, hakioti kingine. Figo za mtu mzima huchuja lita 180 kwa siku. Hizo ni ndoo tisa za lita ishirini, na mwanamke anayechota maji kisimani hapa hahitaji nimweleze ndoo tisa ni kitu gani. Karibu zote hurudishwa mwilini. Kinachomwagwa kama mkojo ni lita moja na nusu au mbili. Ni kazi ya chekeche, ila chekeche lenye akili. Na chekeche likichanika, kile kilichotakiwa kibaki juu kinapita chini.

Nitawapa habari za mtoto mmoja aliyechanika chekeche. Nitamwita Kulwa, ingawa si jina lake wala hana pacha. Alikuwa na miaka minne. Asubuhi akiamka uso umejaa, macho yamekuwa vijistari viwili. Jirani akamwambia mama, "Mwanao kanawiri siku hizi." Mama akafurahi. Ikifika jioni uso umepungua lakini miguu imejaa, soksi ikivuliwa inaacha mfereji. Baada ya wiki mbili kaptura haifungi. Bibi akasema ni utapiamlo. Shangazi akasema kuna mkono wa mtu. Akapelekwa kwa mtaalamu wa jadi akachanjwa chale tumboni na miguuni, na zile chale zikawa zinavuja maji siku nne, kisha zikaoza. Hospitali ya kwanza walimpa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu. Sitaitaja, na siwacheki, kwa sababu zamu yangu ya kukiri nayo inakuja.

Alipofika kwetu, kilichotoa jibu ni kijiti cha plastiki chenye vipande vya rangi. Unakichovya kwenye mkojo, unasubiri dakika moja, unalinganisha na rangi zilizo ubavuni mwa chupa. Kipande cha protini kilitoka njano kikawa kijani kibichi. Figo za Kulwa zilikuwa zinamwaga protini ya damu. Protini hiyo ndiyo inayoyashikilia maji ndani ya mishipa, na ikipungua maji hutoka, yakajaza uso, miguu na tumbo. Kabla ya vijiti hivi tulikuwa tunauchemsha mkojo kwenye kijibomba cha kioo, tukaongeza tone la asidi kama siki, nao unaganda mweupe kama ute wa yai. Na si ajabu, maana protini hiyo na ile ya ute wa yai zote zinaitwa albumini, zina jina moja la ukoo. Mkojo wa namna hii hata kwa macho unajulikana: unatoa povu jingi lisilokatika, kama umetia sabuni.

Dawa yake inaitwa prednisoloni. Hutolewa kila siku kwa wiki kadhaa, kisha siku moja na kuacha moja, kisha inapunguzwa. Wengi wa watoto wadogo wenye ugonjwa huu huitikia ndani ya wiki nne, na mtoto hukojoa maji yale yote mpaka mnamshangaa alivyo mwembamba. Tatizo ni kwamba kwa wengi ugonjwa hurudi, mara mbili, mara tano, mpaka wanapokaribia kubalehe. Hapo ndipo wazazi wanachoka. Mwingine anaona dawa inamfanya mtoto awe na mashavu ya duara na njaa isiyoisha, anaikatiza ghafla. Tafadhali msifanye hivyo. Mwili ulioizoea dawa hii ukinyimwa ghafla unaweza kuanguka vibaya. Na mtoto wa aina hii akipata homa na tumbo kuuma, hiyo si ya kungoja asubuhi, maana vijidudu hupata njia rahisi kwa mtoto aliyepoteza kinga zake kwenye mkojo.

Kulwa yuko darasa la pili. Mama yake ana daftari la mistari ambamo kila asubuhi anaandika: povu lipo, povu halipo, macho. Daftari lile limetusaidia kuliko faili letu.

Kuna uvimbe mwingine unaofanana na huo lakini si huo. Mtoto alikuwa na upele, vidonda vya kujikuna vyenye usaha miguuni, au koo liliuma. Vikapona, mkasahau. Wiki moja au mbili baada ya koo, au wiki tatu hadi sita baada ya vidonda vya ngozi, uso unajaa kidogo na mkojo unakuwa mchache, wa rangi ya kahawa au soda nyeusi. Hiyo rangi ni damu iliyopita kwenye vichujio, na vichujio vimevimba kutokana na vita kati ya kinga ya mwili na bakteria wale wa vidonda. Hatari kubwa hapa ni presha. Ndiyo, mtoto wa miaka saba anapata presha, tena ya kumtia degedege. Degedege hilo likaitwa malaria kali, mtoto akatundikiwa dripu la maji, presha ikapanda zaidi. Nimeliona zaidi ya mara moja. Zahanati nyingi zina mkanda wa presha wa mkono wa mtu mzima tu, ambao kwa mtoto hudanganya. Ukiona rangi hiyo ya mkojo, mwambie mhudumu kwa mdomo wako: "Naomba apimwe presha." Wengi wao hupona kabisa, ingawa damu ya kuonekana kwa darubini tu inaweza kukaa miezi. Na upele tuutibu ukiwa bado upele, nyumba nzima kwa siku moja, badala ya kumpaka mmoja leo na mwingine wiki ijayo.

Sasa tuje kwa mwenyeji wetu. Lambo.

Lambo lile nyuma ya mnada, ambamo ng'ombe wanakunywa, watoto wanaoga na sisi tunafua. Na majaruba ya mpunga. Ndugu zetu wa kando ya Ziwa wana kichocho cha tumbo. Sisi wa huku ndani tuna kile cha mkojo. Minyoo yake ni tofauti na konokono wake ni tofauti. Konokono wetu ni mvumilivu kama sisi: lambo likikauka anajifukia kwenye tope, mvua ikirudi anaamka na kuendelea na shughuli zake.

Nilikulia kijiji kisicho mbali na hapa. Kaka zangu walipoanza kukojoa damu, hakuna aliyeshtuka. Wakubwa walisema wanakua, kwamba ni kama msichana anavyovunja ungo. Walishindana, nani yake nyekundu zaidi. Ni miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha uuguzi mbele ya darubini, nilipoona yai la kichocho lenye mwiba kwenye ncha moja nikawakumbuka kaka zangu pale lamboni, nikakaa chini.

Inakuwa hivi. Mtoto mwenye kichocho anakojoa majini. Mayai yanaanguliwa, kijidudu kinamwingia konokono, kinazaliana humo wiki kadhaa, kisha vinatoka kwa maelfu, hasa jua likiwa kali, saa zile zile watoto wanapokimbilia majini. Vinapenya ngozi kwa dakika chache, bila kidonda. Ndani ya mwili minyoo inakomaa, dume na jike wanaishi wamekumbatiana kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, miaka na miaka, na jike anataga kila siku. Mayai yanatoboa ukuta wa kibofu ili yatoke, na hiyo ndiyo damu mnayoiona, mara nyingi matone ya mwisho mtoto anapomaliza kukojoa. Mjerumani mmoja, Theodor Bilharz, ndiye aliyewaona minyoo hawa akiwa Kairo mwaka 1851, na ndiyo sababu wazee wa hospitali bado wanauita ugonjwa huu bilhazia.

Mayai yanayotoka si tabu kubwa. Tabu ni yale yanayobaki. Yanajenga makovu kwenye kibofu na kwenye mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo. Mrija ukiziba, mkojo unarudi nyuma, figo inajaa kama kiriba mpaka nyama yake inaisha. Mtoto hasemi kitu, kwa sababu haya yanachukua miaka. Wengine wanaletwa hospitali wakiwa na miaka ishirini, figo zimekwisha. Wengine wana saratani ya kibofu wakiwa bado na nguvu za kulima. Na kwa wasichana mayai yanakwenda hadi kwenye shingo ya kizazi. Msichana wa miaka kumi na tano anatokwa na damu na uchafu, anaumwa nyonga, anaulizwa maswali ya aibu na mama yake kuhusu wanaume, kumbe jibu liko kwenye jaruba alilopanda mpunga tangu utoto. Wazazi, kabla ya kumshuku binti, ulizeni maji.

Dawa ipo: prazikwanteli. Shuleni mnaiona ikija na ile fimbo ya kupimia urefu. Ni chungu, vidonge ni vikubwa, na mtoto aliyeinywa bila kula anaweza kutapika na kupata kizunguzungu. Kwa hiyo siku ya dawa mtoto ale ugali ashibe, halafu anywe. Najua siku hiyo wengine huwaficha watoto wao. Nawajua na kwa majina, lakini sitawataja mbele ya Mwenyekiti. Kidonge hiki kinaua minyoo mikubwa, hakiwezi vizuri ile michanga. Ndiyo maana mtoto anaweza kunywa leo na baada ya miezi mkaona damu tena, na si kwamba dawa ni ya bandia. Tena anarudi lamboni kesho yake! Mnaowasahau ni wawili: mchungaji asiyekuja shule, na mdogo wa mgongoni. Mama anafua, mtoto wa miaka miwili amekaa kwenye beseni la maji ya lambo; naye anaambukizwa, lakini fimbo ya shule haimfikii. Sasa kimetengenezwa kidonge cha watoto wadogo kinachoyeyuka majini, na mwishoni mwa 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikipa maoni mazuri. Kikifika wilayani kwetu msingoje kutangaziwa mara mbili. Kwa sasa maji ya kumwogeshea mtoto mchanga yachoteni yakae kwenye ndoo iliyofunikwa siku mbili. Vijidudu vile vikikosa ngozi ya kuingia hufa ndani ya muda huo.

Nije kwenye neno ambalo limekuwa jina la kila kitu: UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Siku hizi ukimuuliza mtu anaumwa nini, jibu ni "malaria na UTI", kama vile ni mtu na mdogo wake. Mtu mzima ana UTI, mtoto ana UTI, nyumba ya tatu wana UTI sugu. Mimi nasema tumekosea pande zote mbili. Tunaipachika pale ambapo haipo, na tunaikosa pale ilipo.

Inapokuwapo kweli na tukaikosa ni kwa mtoto mchanga. Mtoto wa miezi minane hawezi kusema mkojo unamchoma. Anachofanya ni kupata homa, kutapika, kukataa ziwa, uzito kukwama. Basi. Na hapa ndipo nilipoahidi kukiri. Tuliletewa mtoto wa kike, homa siku ya tano. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tukampa dawa ya malaria hata hivyo, kwa mazoea tu. Akarudi baada ya siku tatu, nikamwambia mama aendelee na dawa, homa itashuka. Mara ya tatu kijana wa maabara, mwenye mwaka mmoja kazini, akauliza, "Sista, mkojo je?" Mkojo ulikuwa umejaa usaha. Maambukizi yalikuwa yamepanda hadi kwenye figo. Alitibiwa akapona, lakini figo yake ya kushoto ina kovu, na kovu la figo halifutiki. Tangu siku hiyo mtoto mwenye homa isiyo na sababu ya wazi sikumruhusu aondoke wadini bila mkojo. Nanyi ombeni. Ni haki yenu.

Kuupata mkojo wa mtoto mchanga kunahitaji subira. Muosheni kwa maji safi, mama amshike akiwa wazi, kopo safi tayari, mtu mwingine ampapase chini ya kitovu kwa pamba iliyolowa maji baridi. Wapo wanaokojoa ndani ya dakika chache, na wengine humkojolea muuguzi, nimezoea. Kukamua pampasi hakufai. Humo mna vijidudu vya ngozi na vya choo. Na kopo likishajazwa lipelekwe maabara hapo hapo. Bakteria wa kawaida wa UTI, mahali penye joto, anaweza kugawanyika kila dakika ishirini. Walimu wa hesabu nisaidieni: mmoja akikaa kwenye kopo dirishani saa mbili anakuwa 64. Saa tatu, 512. Hapo kipimo hakituambii tena kilichokuwa ndani ya mtoto. Kinatuambia mlikaa foleni muda gani.

Na upande wa pili ndio huo. Mtoto mkubwa ana mafua na homa, anapimwa mkojo uliokaa, zinaonekana seli mbili tatu za usaha, anaandikiwa sindano za siku tano. Haziponyi kitu, kwa sababu hakuna kilichokuwepo. Zinachofanya ni kuwafundisha bakteria wa tumboni mwake kuizoea dawa, ili siku atakapoumwa kweli isifanye kazi. UTI ya kweli kwa mtoto mkubwa ina dalili zake: anakwenda haja ndogo kila mara, anakunja uso akikojoa, anaumwa chini ya kitovu au mgongo juu ya kiuno na ana homa. Kama inarudi rudi, anayehitajika ni daktari wa kuotesha vijidudu vya mkojo maabara na kumwangalia figo kwa ultrasaundi, si duka la dawa. Wengine wana mkojo unaorudi nyuma kutoka kwenye kibofu kwenda kwenye figo kila wanapokojoa.

Mwalimu Mkuu, hapa usinikasirikie. Nimepita vyoo vya wasichana kabla ya mkutano. Kanuni ya nchi ni tundu moja kwa wasichana ishirini na moja kwa wavulana ishirini na tano. Hapa nimehesabu matundu manne, mawili milango yake imeanguka. Nimewauliza wasichana wa darasa la sita: hawanywi maji asubuhi, na wanabana mpaka wafike nyumbani saa tisa. Kibofu kinachobanwa hivyo kila siku kinasahau kujimwaga chote, na mkojo uliotuama ni kama lambo. Ongezeni na choo kikubwa kinachobanwa pia, kikakaa kigumu na kukikandamiza kibofu. Sasa mnanunua sindano za UTI wakati mlango wa choo ungegharimu mbao chache na bawaba. Mwenyekiti anaandika, nimemwona. Liingie kwenye ile michango.

Muda unakwenda, niyapitie mengine haraka. Mtoto wa kiume mchanga, mkojo wake unatakiwa uruke upinde. Mama yeyote aliyemwogesha mvulana anaujua upinde huo, umewahi kumpata usoni. Kama unachuruzika tu, unadondoka tone tone, au anajikakamua kwa nguvu na tumbo la chini limevimba, kuna kizuizi kwenye njia tangu tumboni mwa mama, na kila wiki ya kungoja inakula figo zote mbili. Ukimwogesha mtoto wa miaka miwili hadi mitano ukagusa uvimbe mgumu upande mmoja wa tumbo, usimwachie kila jirani aubonyeze. Nenda rufaa. Saratani ya figo ya watoto ikiwahiwa hutibika vizuri.

Na kikojozi, jamani. Mtoto wa miaka mitano anayekojoa kitandani hana ugonjwa wala ukaidi. Wapo wengi hivyo, kama mmoja katika kila saba, na kila mwaka baadhi yao huacha wenyewe. Kumbebesha godoro mbele za watu na kumwimbia hakujamponya yeyote. Kumefundisha watoto kulala macho. Ila nina angalizo la kwetu. Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na figo zenye selimundu hazijui kuubana mkojo ukawa mzito. Mtoto huyo anakunywa sana, anakojoa sana, na analowesha kitanda hadi ukubwani. Na mtoto aliyekuwa mkavu miaka miwili akaanza tena kukojoa, huku anakunywa maji kama ng'ombe na anakonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo.

Figo za mtoto zinaweza pia kusimama kwa siku mbili tatu, kwa sababu ya kuhara na kutapika tu, zikikosa maji. Mtoto wa kilo kumi anatakiwa kutoa mkojo usiopungua robo lita kwa siku nzima. Mtoto anayehara akikaa tangu asubuhi hadi jioni bila kukojoa, mpeni maji ya chumvi chumvi ya pakiti njiani huku mnakwenda kituoni. Msimpe diklofenaki wala brufeni kushusha homa akiwa amekauka. Zinaipunguzia figo damu wakati inaihitaji zaidi. Dawa za mizizi zisizopimwa, kwa mtoto wa aina hii, nimeziona zikimaliza kazi iliyoanzwa na kuhara. Wala msiamini kila chupa yenye lebo. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu dawa za maji za kikohozi zilizouzwa Gambia, zilizokuwa na sumu ya kuua figo, na watoto wasiopungua 66 walikuwa wamefariki. Nunueni penye kibali, na kikohozi cha mafua mara nyingi kinatosha maji ya uvuguvugu na asali, kwa aliyepita mwaka mmoja.

Figo zilizosimama ghafla zinaweza kusaidiwa kwa mpira mdogo unaopitisha maji ya dawa tumboni, yanayofyonza takataka kisha yanatolewa. Hauhitaji mashine kubwa, na hospitali ya KCMC pale Moshi wamewaokoa watoto kwa njia hiyo. Figo zilizokufa kabisa ni habari nyingine. Novemba 2017 Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, nasi tulishangilia wadini. Lakini mtu akishafika huko ameshauza ng'ombe wote, na wa kaka yake.

Bibi kule nyuma amenyoosha mkono. Naam, bibi? Anauliza mjukuu wake wa kiume akikojoa damu ampe majani gani. Bibi, mimi nakuheshimu na majani yako, lakini kwa huyu nipe kopo kwanza.

Na makopo ninayo. Sasa ni saa tano na robo. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo tumekuja wakati wake. Nina chupa mbili za vijiti, kila moja vijiti 100, na watoto ni wengi kuliko hivyo, basi tuanze na darasa la tatu na la nne, pamoja na yeyote ambaye mama yake amekuwa akinitazama kwa wasiwasi tangu nilipotaja povu. Mzazi asiyetaka wake apimwe aje aniambie, hatutagombana. Mwalimu wa afya yuko chini ya mwembe. Wavulana wapite kushoto, wasichana kulia, na yule atakayeona rangi isiyompendeza asimwage, alete vile vile ilivyo.